Maji tunachemsha kila siku, mbona meno ya mtoto yana kahawia? Ni kijidudu gani hakifi?

MamaGenge (Ngarenanyuki), Jumatano saa 3 usiku

Habari za usiku wadau. Naomba mnisaidie kumjibu mwanangu, maana mimi niliishia darasa la saba na swali lake limenizidi.

Yuko darasa la sita. Wiki hii kwenye Sayansi wamefundishwa habari za vijidudu, yaani bakteria, virusi, fangasi na protozoa, na kwamba maji ya kunywa lazima yachemshwe ili vife. Jana jioni nilikuwa nimebandika sufuria la maji, akaja na daftari lake akasimama mlangoni mwa jiko, moshi unamuumiza macho na hataki kuondoka. Akaniambia: "Mama, wewe unachemsha maji kila siku, sijawahi kuona umeacha. Sasa mbona meno yangu yana kahawia na ya watoto wa mjomba kule Machame ni meupe? Kwenye maji yetu kuna kijidudu gani ambacho hakifi kwa moto?"

Nikakosa la kusema. Mimi ni mzaliwa wa Machame, huku nyuma ya Mlima Meru nimekuja kwa kuolewa, na meno yangu ni meupe mpaka leo. Mume wangu kazaliwa huku, yake ni ya kahawia kabisa. Watoto wetu wawili wakubwa wamefuata ya baba yao. Huyu wa darasa la sita ndiye amezidi: meno mawili ya mbele juu yana mistari ya kahawia imekatiza, na vishimo vidogo vidogo kama vimetobolewa kwa ncha ya sindano. Siku hizi akicheka anaziba mdomo kwa mkono.

Kila mtu huku anajua kwamba ni maji. Mimi nilidhani labda sichemshi vya kutosha. Tangu meno yake ya ukubwani yalipoanza kutoka, nimekuwa naacha sufuria litokote nusu saa nzima, wakati mwingine zaidi, mpaka maji yanapungua kabisa. Kuni zinaniishia na meno hayabadiliki. Na nina mdogo wao wa mwaka mmoja na nusu, bado ananyonya, ndio kwanza ana meno manane. Huyu ndiye ananikosesha usingizi.

Nini kinabaki kwenye maji yakishachemka?

Kijana wa Sombetini, Jumatano saa 4 usiku

Mama, hiyo ni mambo ya mswaki. Bakteria wa mdomoni wanakula sukari wanatoa asidi inayokula meno. Asugue na mkaa uliosagwa asubuhi na jioni, wiki mbili tu yatang'aa.

Mwalimu Mstaafu (Usa River), Alhamisi saa 12 asubuhi

MamaGenge, swali la mwanao nimelisoma mara mbili, kisha nikalisoma kwa sauti nyumbani. Nimefundisha Sayansi shule za msingi huku Meru miaka 31. Darasa langu lote lilikuwa na meno kama yangu, maana na mimi nimezaliwa Maji ya Chai na meno yangu ni ya kahawia, na hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuniuliza hivyo. Tulifundisha kuchemsha maji, tukafuta ubao, tukaenda kwenye somo lingine. Mwambie mwanao kwamba Mwalimu mmoja mzee amesema swali lake ni zuri kweli.

Jibu lake ni kwamba hakuna kijidudu. Meno yenu yameharibiwa na madini yanayoitwa floridi, na madini hayana uhai. Moto unaua kilicho hai tu.

Mweleze hivi, na ukiweza fanya mkiwa jikoni pamoja. Vunja yai, mimina ute wake kwenye maji ya moto. Ule ute uliokuwa kama maji unageuka mweupe na kuganda, na hata ukipoa haurudi tena kuwa ute. Huo ute ni protini. Ndani ya bakteria kuna protini za aina nyingi, ndizo zinazomfanyia kazi zote za kuishi, kula, kukua na kujigawa. Joto linaziharibu kama lilivyoharibu ute wa yai, na bakteria anakufa. Huku kwetu mlimani maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100 za pwani, lakini hilo lisikutie hofu. Vijidudu vya homa ya matumbo na kipindupindu hufa hata kabla maji hayajaanza kutokota. Yakishatokota kwa mapovu makubwa, dakika moja inatosha, na kwa wanaoishi juu kabisa mlimani dakika tatu. Epua.

Floridi ni habari nyingine. Mlima Meru ni volkano, mara ya mwisho ulilipuka mwaka 1910. Maji ya mvua yanazama kwenye majivu na miamba ya volkano hiyo, yanapita humo polepole, yanayeyusha floridi na kutoka nayo kwenye chemchemi na visima. Ikishayeyuka huioni, haina rangi, haina harufu, huwezi kuionja ulimini. Sisi wa Maji ya Chai tulikuwa tunaambiwa tukiwa wadogo kwamba ile rangi ya mto ndiyo inayotia meno rangi. Rangi ile haihusiki. Maji meupe pe yanaweza kuwa na floridi nyingi kuliko yale ya rangi ya chai.

Sasa hapa nataka unisikilize vizuri mama, na usijilaumu. Maji yakitokota, kinachopanda na mvuke ni maji peke yake. Floridi inabaki sufuriani. Tuseme umebandika lita 4 za maji yenye miligramu 6 za floridi kwa kila lita. Jumla ni miligramu 24. Ukiyaacha mpaka zikabaki lita 3, zile 24 zote ziko kwenye lita 3, yaani 8 kwa kila lita. Ile nusu saa unayoongeza inayafanya maji kuwa makali zaidi. Acha kuanzia leo. Lakini usiache kuchemsha, maana huko kuchemsha kwako ndiko kumewakinga watoto wako na kuhara miaka yote hii. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hapa nchini kwa miaka mingi tulikubali mpaka 8 kwa maji ya vijijini, kwa sababu mengine hayakuwepo.

Mtoto atauliza: mbona mama anakunywa maji hayo hayo na meno yake ni meupe? Hapo ndipo somo lilipo, na wewe ndiye kielelezo chake.

Jino la ukubwani halitengenezwi siku linapotoka. Linajengwa ndani ya taya, chini ya jino la utoto, tangu mtoto akiwa mchanga mpaka miaka 8 hivi. Kuna seli maalumu zinazojenga lile ganda la nje, enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Kwanza zinatandaza protini, halafu protini inaondolewa na madini yanajaza nafasi yake. Floridi ikizidi wakati huo, kazi inaharibika, protini haiondoki yote, na enameli inabaki na vitundu kama tofali lililochomwa vibaya. Jino linatoka lina weupe wa chaki. Baadaye rangi ya chakula na chai inaingia kwenye vile vitundu na kuwa kahawia. Na zile seli zikishamaliza kazi zinakufa. Ngozi ikikatwa inapona, mfupa ukivunjika unaunga, lakini enameli haina seli hai ya kuitengeneza tena. Ndiyo maana meno yangu ya mwaka wangu wa tatu ndiyo ninayo leo nikiwa na miaka 64.

Yako yalijengwa Machame, ambako chemchemi nyingi za miteremko ya Kilimanjaro zina floridi kidogo. Ulipofika Ngarenanyuki kazi ilikuwa imeshakwisha. Mifupa yako ndiyo bado inapokea, kwa hiyo nawe usinywe bila kujali. Mifupa inajijenga upya maisha yote, na floridi nyingi kwa miaka mingi huleta maumivu ya viungo na mgongo kukakamaa.

Kwa huyo mdogo una nafasi. Maziwa ya mama yana floridi kidogo sana, hata kama mama anakunywa maji yenye nyingi. Kila siku anayonyonya ni siku ambayo meno yake yanajengwa salama. Hatari iko kwenye uji wake na maji ya kikombe. Huyo mpikie uji kwa maji ya mvua. Maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba, floridi yake ni karibu na hakuna. Mvua ya kwanza iache ioshe vumbi la bati, inayofuata ikinge, hayo yachemshe kwa sababu ndege wanachafua paa. Kufulia, kuogea na kumwagilia tumia ya bomba tu. Maji ya mvua yawe ya midomo.

Kijana wa Sombetini, ulichosema kuhusu bakteria na sukari ni kweli kabisa, lakini huko ni kutoboka kwa meno, ugonjwa mwingine. Na huo mkaa nakuomba usimwambie mtu tena. Mkaa unasugua enameli, na hawa watoto enameli yao tayari ni dhaifu. Nilisugua majivu na mchanga nikiwa msichana, siku moja kabla ya Kipaimara, mpaka fizi zikatoka damu. Madoa yalibaki pale pale, nikapata na meno ya kuuma nikinywa maji ya baridi.

Kijana wa Sombetini, Alhamisi saa 3 asubuhi

Shikamoo Mwalimu. Nimekuelewa. Nimemwambia hivyo hivyo mdogo wangu mwaka jana, leo nampigia.

Baba wa Ngaramtoni, Alhamisi saa 7 mchana

Sisi tunatumia ndoo ya chujio la mkaa wa mifupa. Teknolojia hiyo wameifanyia kazi miaka mingi kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Ni mifupa ya ng'ombe, wanaichoma kwenye tanuru lenye hewa kidogo, inasagwa inakuwa chenga nyeusi. Maji yanapita humo floridi inabaki. Angalizo: chenga zinajaa. Zikijaa maji yanapita tu kama kawaida na wewe hujui, kwa hiyo zibadilishwe kwa wakati na maji yapimwe. Usijaribu kuchoma mifupa mwenyewe nyumbani, jirani yetu alifanya, maji yakanuka wiki nzima.

Mwalimu Mstaafu (Usa River), Alhamisi saa 10 jioni

Ahsante Baba kwa kuleta hilo. MamaGenge, hapo mwonyeshe mtoto kitu kimoja. Mfupa na jino vimejengwa kwa madini ya aina moja, na madini hayo yanaivuta floridi na kuishika. Ndiyo sababu mfupa wa ng'ombe unasafisha maji. Ndiyo sababu hiyo hiyo floridi inang'ang'ania mifupa ya mtoto. Kwenye ndoo, ng'ombe anaipokea badala yake. Nilipolielewa hili nilikuwa mtu mzima tayari, nilikaa nikatazama ile ndoo muda mrefu.

Mtu wa Maabara (Moshi), Ijumaa saa 2 usiku

Mwalimu ameshasema makubwa. Naongeza mawili ambayo watu hawayahesabu.

La kwanza ni magadi. Wengi wetu tunalainishia maharage na makande kwa magadi, na yale ya kutoka upande wa Ziwa Natron yanaweza kuwa na floridi nyingi sana. Imeshaonekana hapa hapa Tanzania kwamba hata sehemu zenye maji mazuri, watoto wanaolishwa chakula cha magadi wanapata madoa. Kwa hiyo MamaGenge, unaweza kukinga mvua yote ukaja kuiharibu na kijiko kimoja kwenye makande. Loweka maharage usiku kucha, yataiva bila magadi.

La pili ni chai, na hili mtoto atalipenda kwa sababu ni la mimea. Mizizi inavuta maji pamoja na vilivyoyeyuka ndani yake. Mimea mingi ikiletewa floridi haichukui nyingi. Mchai unaivuta na kuihifadhi kwenye majani, na jani lililokomaa linakuwa nayo nyingi kuliko chipukizi. Ukiyatokosha majani hayo sana, inatoka na kuingia kwenye kikombe. Mtu mzima haimdhuru kwa kikombe kimoja. Lakini mtoto wa miaka miwili anayepewa chai ya rangi kila asubuhi, tena ya maji ya Meru, anapata mara mbili. Mpeni maziwa.

Na kama mwanao anapenda mambo haya, mwambie kuhusu Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela hapo Arusha. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya uvumbuzi wa kihandisi ya Afrika, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa chujio la maji alilotengeneza kutokana na matatizo haya haya yetu. Sio mbali na nyumbani kwenu.

MamaGenge (Ngarenanyuki), Jumapili saa 1 usiku

Shikamoo Mwalimu. Ahsanteni wote, nimesoma kila neno, na mengine mtoto amenisomea yeye kwa sauti huku napukuchua mahindi.

La yai tumefanya. Yeye akataka na lingine lake mwenyewe, akasema floridi hatuwezi kuiona lakini chumvi tunaweza kuionja. Akatia kijiko cha chumvi kwenye vikombe vinne vya maji, akaonja, akabandika. Alikaa pale amechuchumaa mpaka kikabaki kikombe kimoja. Yalipopoa akaonja akatema. Akaniangalia, akasema, "Mama, kwa hiyo ile nusu saa..." hakumalizia. Nikamwambia ndiyo, mama alikuwa hajui. Akaenda kuzichukua zile kuni nilizokuwa nimeweka pembeni ya jiko akazirudisha stoo. Nililia kidogo, sitawaficha, lakini nilienda kulilia chumbani.

Tukafanya na maziwa. Kikombe kimoja maziwa mabichi, kingine yaliyochemshwa, vyote tumefunika kwa visahani. Jana jioni yale mabichi yalikuwa yameganda, ya kuchemsha mazima. Akaandika kwenye daftari: "vilivyo hai vimekufa." Tatizo leo jioni yale ya kuchemsha nayo yamechacha! Sasa ananiuliza: kama vyote vilikufa, hivi vipya vimezaliwa na nani?

Mwalimu Mstaafu (Usa River), Jumapili saa 3 usiku

Marahaba mwanangu. Mwambie swali hilo lilibishaniwa na wataalamu wa Ulaya miaka mingi. Kuna waliosema vijidudu vinajizalia vyenyewe kwenye chakula. Karibu na mwaka 1860 Mfaransa Louis Pasteur akachemsha mchuzi kwenye chupa zenye shingo ndefu nyembamba, ameipinda kama shingo ya bata maji. Hewa iliingia, lakini vumbi lilinasa kwenye mpindo. Mchuzi ukakaa bila kuharibika. Akivunja shingo, unaharibika baada ya siku chache. Vijidudu vilikuwa vinasafiri na vumbi la hewani.

Kwa hiyo vya kwenye kikombe chenu, vingine vimetoka hewani, kwenye kisahani, kwenye kikombe chenyewe. Na vingine, hapa mwanao alikuwa na haki zaidi ya alivyojua, havikufa kweli. Wapo bakteria wachache wanaojifungia ndani ya ganda gumu linaloitwa spora, wanavumilia hata maji yanayotokota, yakipoa wanaamka. Wengine wanapenda wali uliolala. Hao hawahusiki na meno, ila aliuliza kama kuna kisichokufa kwa moto, na kipo. Ile sentensi ya daftarini asiifute. Aongeze neno "karibu vyote," aweke na tarehe.

MamaGenge (Ngarenanyuki), Jumatatu saa 2 asubuhi

Ameongeza. Baba yao amekubali kuuza mbuzi mmoja, Jumamosi tunanunua tangi na mfereji wa kukingia bati la upande wa jikoni. Mwalimu, tangi la lita 1,000 litamtosha mdogo kwa kunywa na uji mpaka kiangazi kiishe, au tuongeze la pili?

Mwalimu Mstaafu (Usa River), Jumatatu saa 4 asubuhi

Akitumia lita 3 kwa siku, kunywa na uji, lita 1,000 ni siku 330 na zaidi. Linamtosha yeye, na wale wakubwa nao wapate kikombe chao cha shuleni. Lifunikwe vizuri, mbu wasitage, na jua lisiingie likaota ukijani wa mwani.